Chanikiwiti: Maana ya Neno na Matumizi Yake

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yatajayo rangi, ni machache yaliyopendwa na walimu wa insha nchini Kenya kama neno chanikiwiti, na ni machache vilevile yaliyofafanuliwa kwa uchache kama hilo. Mwanafunzi anayetaka kusifu bonde lililonyeshewa, mashamba ya majani chai ya Kericho au bustani ya mjini huambiwa aache kijani, neno la kila siku, atumie chanikiwiti, neno "zito". Akifungua kamusi hukuta kwamba ni rangi ya majani mabichi, basi. Hapo huondoka na neno jipya mkononi, lakini bila kujua limeundwaje, limetoka wapi, wala linakaa na maneno gani. Kutokana na upungufu huo yamezuka makosa ya namna mbili yanayopingana. Wako wanaolitumia popote kama pambo, na wako wanaolifunga kwenye mimea tu na kumsahihisha kila anayelitumia kwa nguo au kwa gari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa lao ni moja: zote zimelichukua neno hili kama kitu kisicho na viungo, hali lina viungo viwili vinavyoonekana waziri kwa ajuaye lahaja za kaskazini.

Kosa la kwanza ndilo lililoenea zaidi. Itazamwe sentensi ya aina hii, ambayo mwalimu yeyote aliyesahihisha insha ataitambua: "Nyasi za chanikiwiti zilikuwa zimekaushwa na jua kali la kiangazi." Au hii: "Majani mabichi ya miti yalikuwa na rangi ya kijani ya chanikiwiti." Sentensi ya kwanza inajipinga yenyewe, na ya pili inasema jambo lile lile mara tatu. Hata hivyo sentensi kama hizi hupita, na pengine huongezewa alama kwa sababu ya utajiri wa msamiati. Mtahiniwa hakufanya hila. Alifunzwa kuwa neno hili ni bora kuliko kijani, akaliweka pale ambapo angeweka kijani. Lawama ni ya maelezo aliyopewa.

Ili kuona tatizo liko wapi, hapana budi kulifungua neno lenyewe. Chanikiwiti ni maneno mawili yaliyogandana: chani na kiwiti. Sehemu ya pili ndiyo iliyo nyepesi kueleza. Ni kivumishi -witi, ambacho katika Kiunguja, na kwa hiyo katika Kiswahili Sanifu, ni -bichi. Tofauti ya sauti kati ya maumbo hayo mawili si ya bahati nasibu. Pale ambapo Kiunguja kina ch, Kimvita na Kiamu aghalabu huwa na t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, kucheka ni kuteka. Kwa kanuni hiyo hiyo -bichi huwa -biti au -witi. Ama kuhusu b na w, msemaji wa Kiswahili Sanifu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa anao katika hesabu zake za kila siku: husema vitu viwili na watu wawili, lakini nyumba mbili. Baada ya irabu sauti ni w, na baada ya m ni b. Lahaja za kaskazini zimeihifadhi kanuni hiyo katika kiwiti. Kiunguja kimeieneza b kila mahali, kikawa na kibichi kama kilivyo na mbichi.

Sehemu ya kwanza, yaani chani, inataka uangalifu zaidi, kwa kuwa ina ch ambayo mwanafunzi mwerevu anaweza kuiuliza: ikiwa ch ya Kiunguja ni t huko kaskazini, mbona neno hili la kaskazini lina ch? Jibu ni kwamba ch hii ina asili nyingine. Imezaliwa na kiambishi cha ngeli ya KI-VI kilipokutana na irabu, kama katika chakula na chombo, na ch ya namna hii haigeuki t. Kilichokutana na kiambishi hicho ni shina lile lile la jani. Katika Kiamu j ya Kiunguja mara nyingi huwa y: moja ni moya, jana ni yana, na majani ni mayani. Ki-yani, baada ya y iliyo dhaifu kudondoka, hubaki ki-ani, na ki-ani hutamkwa chani. Kwa hiyo chani ni kijani, na kiwiti ni kibichi. Neno linalofundishwa kuwa ni la ngazi ya juu kuliko kijani kibichi ni kijani kibichi chenyewe, kwa sauti za kaskazini.

Jambo hili likikubaliwa, mengi hujieleza. Kwanza, msamiati huu wa "kuteuliwa" si mteule kwa maana yake, bali kwa umbali wake na sikio la mwanafunzi wa bara. Pili, ki- iliyo katika kiwiti si sehemu ya jina, bali ni upatanisho wa kisarufi: kiwiti kinapatana na chani kama kibichi kinavyopatana na kijani. Tatu, wazo la ubichi halikuongezwa na washairi wala na walimu. Limo ndani ya neno tangu lilipoundwa.

Ushahidi kwamba muundo huu ni wa kale na si wa kubuni unapatikana pia nje ya pwani. Kinyarwanda huita rangi hii icyatsi kibisi. Icyatsi ni jani au mmea, katika ngeli ile ile iliyo na ki-, na ki- hiyo nayo imebadilika kwa kukutana na irabu kama ilivyobadilika katika chani. Kibisi ni kibichi. Mlingano wa sauti unathibitishwa na maneno mengine: Kinyarwanda husema guseka mahali pa kucheka na kuteka. Kiganda nacho kina okuseka, kina amaaso mahali pa macho na mato, na kina -bisi kwa maana ya kitu kibichi. Hata hivyo Kiganda kimechagua njia nyingine katika kuitaja rangi, kwani husema kiragala, neno linalotokana na endagala, yaani majani ya migomba. Hapo jani limetosha bila kutajiwa ubichi. Kwa hiyo lugha hizi jirani zimekwenda kwenye jani kutafuta rangi, lakini si zote zilizoona haja ya kusema jani la hali gani. Kiswahili na Kinyarwanda ni miongoni mwa zilizoona haja hiyo.

Yafaa hapa kukumbuka utafiti wa Brent Berlin na Paul Kay uliochapishwa mwaka 1969, ambao ulikihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha ishirini zilizochunguzwa majina yake ya rangi. Wataalamu hao waliweka masharti ya kulitambua jina la msingi la rangi. Miongoni mwa masharti hayo, jina liwe neno moja lisilojengwa kwa maana za sehemu zake, na lisifungwe kwenye vitu vya aina chache tu. Kwa masharti hayo Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopatana na nomino, navyo ni -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote zimekopwa ama kutoka lugha nyingine, ama kutoka vitu vyenyewe: kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, manjano kutoka bizari ya jina hilo, zambarau kutoka tunda. Wako waliosoma orodha kama hii na kuhitimisha kwamba lugha ni maskini. Hitimisho hilo ni la haraka. Lugha inayosema jani bichi inapotaja rangi imesema rangi na imesema hali ya kitu kwa pumzi moja, na jina la msingi la rangi, kwa masharti yale, haliwezi kufanya hivyo.

Ni hali gani hiyo? Kivumishi -bichi hakina kinyume kimoja. Nyama mbichi ni ile isiyopikwa, embe bichi ni lile lisiloiva, kuni mbichi ni zile zisizokauka, nguo mbichi ni ile iliyofuliwa ikawa bado ina maji, na jeraha bichi ni lile lisilopona. Moto, jua au wakati havijafanya kazi yake juu ya kitu hicho. Jani bichi, basi, ni jani lenye maji yake na uhai wake, ambalo jua halijalishinda. Si lazima liwe changa. Uchanga na ubichi ni mambo mawili, na mwembe hulithibitisha hilo: majani yake yanapochipua huwa na wekundu wa shaba, na hupata rangi ya kijani yanapokomaa. Jani changa la mwembe ni bichi kwa hali, lakini hakuna atakayeliita la chanikiwiti. Kwa upande mwingine, jani kavu lililohifadhiwa katika kitabu likabakiwa na rangi yake ni la kijani, lakini ubichi limeupoteza. Kwa maana yake ya asili, chanikiwiti hutaka yote mawili, rangi na uhai. Ndiyo sababu sentensi ya nyasi za chanikiwiti zilizokaushwa na jua ilimkwaza msikilizaji wa kaskazini, ingawa mtahini wa bara aliipitisha.

Hapa ndipo linapoingia kosa la pili, la wale waliofahamu asili ya neno wakaifanya sheria. Hawa husema kwamba, kwa kuwa chanikiwiti ni jani bichi, basi kusema shati la chanikiwiti au mlango wa chanikiwiti ni kuharibu lugha. Hoja hii ina sura ya elimu, lakini haisimami. Ikiwa asili ya neno ndiyo hakimu pekee, itakuwa haramu kusema gari la kijivu, kwa kuwa gari si jivu, na haramu kusema kitambaa cha manjano ikiwa hakikutiwa bizari. Hata kijani chenyewe, ambacho watu hao hukiruhusu kwa mashati na milango, ni jani. Kamusi na orodha za msamiati hulitoa chanikiwiti kuwa ni jina la rangi bila ya kushurutisha kwamba kisifiwacho kiwe mmea, na katika jambo hilo ziko sawa. Msemaji anayeita kitambaa cha chanikiwiti amefanya alichofanya kila msemaji wa Kiswahili anapotaja rangi: ameazima rangi ya kitu akaivika kingine.

Tofauti iliyopo si kati ya matumizi sahihi na matumizi yasiyo sahihi, bali ni kati ya sehemu mbili za maana ambazo hujitokeza kwa kadiri ya neno linalofuatana nalo. Likifuatana na kitambaa au rangi ya ukutani, sehemu inayofanya kazi ni rangi. Ubichi hulala. Likifuatana na nyasi, bonde, mpunga au msitu, ubichi huamka, na hapo msemaji anakuwa amesema zaidi ya rangi: amesema kwamba mvua imenyesha na kwamba ardhi haina kiu. Anayelitumia kwa mimea hawezi kuuzuia ubichi huo usisikike. Kwa hiyo anaposema baadaye kwamba mimea hiyo imenyauka, sharti aonyeshe kwamba kuna mabadiliko yaliyotokea: nyasi zilizokuwa za chanikiwiti zimenyauka. Sentensi ya namna hiyo ni nzuri, na uzuri wake unatokana na kwamba mwandishi ameijua nguvu ya neno lake na kuitumia.

Suala la upatanisho nalo linastahili kuangaliwa, kwa maana hapa kijani kibichi na chanikiwiti, ingawa ni ndugu wa damu, zina tabia mbili tofauti. Katika kijani kibichi viungo bado vinaonekana, na kwa sababu hiyo vinaweza kuvunjwa. Nguo ya kijani kibichi ni nguo ya rangi fulani. Nguo ya kijani mbichi ni nguo ya kijani ambayo bado ina maji. Embe la kijani kibichi laweza kuwa limeiva, kwani ziko aina za maembe zinazoiva bila kubadilika rangi, lakini embe la kijani bichi halijaiva. Mwanafunzi anayekipatanisha -bichi na nomino ya nje, akaandika "nguo za kijani mbichi" akikusudia rangi, amesema kwamba nguo hizo zianikwe. Kosa hili ni la kawaida, na halitokani na uzembe. Linatokana na kutofundishwa kwamba kibichi ni cha kijani, si cha nguo.

Chanikiwiti, kwa upande wake, limekwisha kuganda. Hakuna msemaji anayeweza kuufanya wingi wake, wala kulipatanisha kiungo chake cha pili na nomino ya nje. Hujiunga na nomino kwa -a unganifu: shamba la chanikiwiti, mabonde ya chanikiwiti, rangi ya chanikiwiti. Kuganda huko kuna faida, maana hakuwezi kuleta utata wa nguo mbichi. Lakini kuna hasara pia. Kwa msemaji asiyejua -witi, nusu ya neno imekuwa bubu, na nusu hiyo ndiyo inayobeba ubichi. Hivyo ndivyo neno lililoundwa ili liseme uhai wa mmea lilivyogeuka kuwa sauti ndefu ya kupendeza inayowekwa mbele ya nyasi kavu.

Lakini kuwa bubu huko hakukuja kwenyewe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi ya usanifishaji. Uamuzi huo una sababu zake, na si nia ya makala haya kuufufua mjadala. Hata hivyo matokeo yake mamoja hayajaangaliwa vya kutosha. Maneno ya kaskazini yaliyobaki katika Kiswahili Sanifu yalibaki kama wageni. Kwa vile mato na mayani husikika zaidi katika tungo za kale kuliko madarasani, wanafunzi wa bara wamezoea kudhani kwamba kila umbo la kaskazini ni la kishairi. Mtoto wa Lamu anayesema neno la nyanya yake husahihishwa anapoandika -witi peke yake, lakini mtoto wa bara hupongezwa anapoandika chanikiwiti. Neno lile lile ni kosa likiwa limetenganishwa, na ni fahari likiwa limegandana. Utaratibu wa namna hiyo hauwezi kutetewa kwa hoja yoyote ya lugha.

Mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, uliwazoesha walimu na wanafunzi kuukusanya msamiati kama akiba ya kutumiwa siku ya insha. Mtihani umeondoka, lakini mazoea yamebaki, na mtaala mpya hautayaondoa kwa kubadilisha majina ya madarasa. Mazoea hayo yataondoka pale swali la msahihishaji litakapobadilika. Badala ya kuuliza kama mtahiniwa ametumia neno adimu, aulize kama neno alilotumia linasema alichokusudia kusema. Kwa kipimo hicho, "bonde lilikuwa la kijani" huweza kupata alama zaidi ya "bonde la chanikiwiti", ikiwa bonde linalosimuliwa ni la kiangazi.

Watunga kamusi nao wana sehemu yao. Maelezo ya chanikiwiti kuwa ni rangi ya majani mabichi si ya uongo, lakini hayatoshi. Kidahizo kamili hakina budi kuonyesha mambo manne: kwamba neno limeundwa na chani na kiwiti, kwamba maumbo hayo ni ya lahaja za kaskazini na yanalingana na kijani kibichi, kwamba halipatani na nomino kwa viambishi, bali hutumia -a unganifu, na kwamba linapotajiwa mimea huashiria uhai na unyevu pamoja na rangi. Mambo hayo yote yataingia katika mistari minne au mitano. Manufaa yake hayataishia kwenye neno moja, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kuona jinsi kiwiti kinavyolingana na kibichi ataweza kusoma mato, kitwa na mayani katika tenzi bila kumwita mwalimu.

Kwa muhtasari, chanikiwiti si neno la juu wala si neno la mimea peke yake. Ni neno la kawaida la watu wa kaskazini mwa pwani, lenye jani ndani yake na ubichi ndani yake, lililoruhusiwa na matumizi kusafiri hadi kwenye vitambaa na kuta, na ambalo likirejea shambani hurejea na ubichi wake. Mwalimu anayelifundisha hivyo hatakuwa na haja ya kulisifu. Atawaambia wanafunzi wake kwamba ni kijani kibichi kwa sauti za Lamu na Mombasa, awatolee nje mara mvua inapoanuka, na awaulize ni kipi kati ya wanavyoviona kinachostahili kuitwa hivyo, na ni kipi kisichostahili.